David Boies: Miongo Sita Kati ya Ukiritimba na Hataza

Mwaka 2000 jaji mmoja wa New York aliamua kuwapiga mnada mawakili. Jaji huyo, Lewis Kaplan, alikuwa na kesi dhidi ya nyumba mbili kubwa za mnada duniani, Sotheby's na Christie's, zilizodaiwa kula njama ya kupanga kamisheni wanazowatoza wateja. Ofisi za mawakili zilikuwa zinasukumana mlangoni, kila moja ikitaka kuwawakilisha wateja hao. Kaplan akawaambia walete bei ndani ya bahasha. Kila wakili aandike kiasi cha fidia ambacho, kesi ikiishia hapo au chini yake, yeye haambulii hata senti. Fidia ikizidi kiasi hicho, achukue robo ya ziada. Atakayeandika kiasi kikubwa kuliko wenzake ndiye mwenye kesi.

Bahasha ya David Boies ilikuwa na dola milioni 405. Mwaka huohuo kesi ikamalizwa kwa makubaliano ya dola milioni 512. Ziada ni milioni 107, robo yake milioni 26.75, na hizo ndizo zilizoingia ofisini kwake. Magazeti yalipigia kelele ujira. Mimi nakwama kwenye ile 405. Kesi ilikuwa bado changa, na mtu amekaa mezani kwake akapima mashahidi, nyaraka na woga wa upande wa pili, akaandika tarakimu ambayo, kama ingefika milioni 512, angefanya kazi ya bure.

Marekani haina uhaba wa mawakili hodari. Lakini anayetaka kuielewa kazi ya wakili wa kesi za ushindani na hataza, yaani yule anayesimama mwenyewe mahakamani na kuuliza maswali, atapata mengi kwa Boies kuliko kwa mwingine yeyote, pamoja na mambo ambayo yeye mwenyewe angependa yasahaulike.

Kwanza tuiweke sawa kazi yenyewe, maana ina mgongano ndani yake. Tangu mwaka 1890 Marekani ina sheria inayoitwa kwa jina la Seneta Sherman, inayokataza wafanyabiashara kupanga bei kwa siri na kumkataza mwenye nguvu kuhodhi soko kwa hila. Sheria ya hataza nayo inampa mvumbuzi ukiritimba halali wa miaka 20 tangu siku aliyopeleka maombi: hakuna mwingine kutengeneza, kutumia wala kuuza kitu hicho bila ruhusa yake. Serikali ileile inayofukuzana na wahodhi inagawa vyeti vya kuhodhi. Mpaka kati ya viwili hivyo haujachorwa vizuri hadi leo, na palipo na mpaka wenye utata pana riziki ya wakili. Ongeza kwamba anayeshinda kesi ya ushindani kule hulipwa mara tatu ya hasara yake, na utaelewa kwa nini kampuni hulipa mamilioni kwa mtu wa kusimama mbele ya jaji.

Zaidi ya hapo, mengi ya mashauri haya huamuliwa na jopo la raia wa kawaida, dereva wa basi, muuguzi, mwalimu mstaafu. Hao si kama wazee wa baraza tuliowazoea katika Mahakama Kuu ya Tanzania, ambao hutoa maoni na jaji akaamua kuyafuata au kuyaacha. Kule jopo likishaamua ukweli ni upi, jaji mwenyewe hana urahisi wa kulitengua. Hapa Tanzania malalamiko ya ushindani huanzia Tume ya Ushindani, na asiyeridhika huenda Baraza la Ushindani, mbele ya watu wenye taaluma. Ndiyo maana hatuna wakili wa aina ya Boies. Sifa yake ilitokana na kumfanya mtu asiyejua chochote kuhusu soko la kompyuta aione hoja kama aliijua siku zote.

Boies alizaliwa mwaka 1941 Sycamore, mji mdogo wa Illinois, mtoto wa mwalimu. Ana tatizo la kusoma lijulikanalo kama disleksia. Hakuweza kusoma hadi darasa la tatu, na hata ukubwani husoma taratibu. Majarida ya Marekani yanaipenda sana habari hii: mtoto asiyeweza kusoma, akalazimika kusikiliza na kukariri, akawa wakili bingwa. Huenda ni kweli. Ila watoto wenye disleksia ni wengi na mabingwa wa mahakamani ni wachache, kwa hiyo mimi natazama zaidi jambo jingine katika ujana wake, kwamba kabla ya chuo alifanya kazi ya ujenzi na kucheza karata za briji kwa pesa. Briji humfundisha mchezaji kukumbuka kila karata iliyokwisha kuchezwa na kukisia zilizobaki mkononi mwa mwenzake. Bahasha ya Kaplan ni ya mcheza karata.

Alimaliza sheria Yale mwaka 1966 akiwa wa pili darasani, akaajiriwa Cravath, moja ya ofisi kongwe na tajiri za New York. Huko akakutana na IBM.

Tarehe 17 Januari 1969, siku za mwisho za utawala wa Lyndon Johnson, serikali iliishtaki IBM kwa kuhodhi soko la kompyuta. Kesi ilianza kusikilizwa mwaka 1975. Kumbukumbu za mahakama zilipita kurasa 100,000. Vijana walioingia Cravath wakiwa wametoka chuoni walizeekea humo. Kiongozi wa utetezi alikuwa Thomas Barr, na Boies alikuwa mkono wake wa kulia. Wakati huohuo kampuni ndogondogo nazo zilikuwa zinaishtaki IBM kila upande. Moja, ya vifaa vya kompyuta huko California, ilikwenda mahakamani na Boies akasimama upande wa IBM. Mwaka 1977 jaji aliitupa kesi hiyo baada ya mdai kumaliza ushahidi wake, bila hata kuipeleka kwa jopo.

Serikali iliiondoa kesi kubwa tarehe 8 Januari 1982, baada ya miaka 13, ikisema haina msingi. Wachumi bado wanabishana iwapo IBM ilishinda au ilichosha watu. Kwangu, aliyenufaika zaidi ni wakili kijana aliyekaa miaka mingi ndani ya ngome ya kampuni kubwa ya kompyuta akijifunza inavyofikiri, inavyoandikiana barua na inavyojitetea. Elimu hiyo angekuja kuitumia upande wa pili.

Aliondoka Cravath mwaka 1997 kwa sababu ya besiboli. Alikuwa anaitetea timu ya New York Yankees dhidi ya ligi nzima, na mteja mwingine wa Cravath, Time Warner, alikuwa mmiliki wa timu ya Atlanta Braves. Ofisi ikaona mgongano wa maslahi, yeye akaona mteja wake. Akafungua ofisi yake mwenyewe, na haukupita muda serikali ikampigia simu.

Kesi ya Microsoft ilifunguliwa tarehe 18 Mei 1998. Madai kwa ufupi yalikuwa kwamba Windows ilikuwa karibu kwenye kila kompyuta ya mezani, na Microsoft ilitumia nguvu hiyo kukibana kivinjari cha Netscape kisipate pumzi, kwa kufunga kivinjari chake ndani ya Windows na kuwabana watengenezaji wa kompyuta kwa mikataba. Joel Klein, mkuu wa idara ya ushindani katika Wizara ya Sheria, alimkodi Boies awe wakili mkuu wa serikali.

Kuanzia Agosti mwaka huo, kabla kesi haijaanza kusikilizwa, Bill Gates, mkuu wa Microsoft, alihojiwa chini ya kiapo mbele ya kamera. Mahojiano yalichukua siku tatu. Watu waliotarajia kumwona tajiri mwerevu kuliko wote duniani walimwona mtu anayeyumba kwenye kiti akibishana juu ya maana ya maneno. Boies alimwonyesha barua pepe aliyoiandika mwenyewe Januari 1996, kwamba kupata sehemu kubwa ya soko la vivinjari ni lengo muhimu mno kwa kampuni. Akamuuliza ni vivinjari gani vya wenzake vilivyokuwa vinamtia wasiwasi wakati huo. Gates akajibu haelewi wakili ana maana gani anaposema wasiwasi. Boies, kwa sauti ileile ya upole, akamuuliza ni kitu gani katika neno hilo asichokielewa.

Hakupaza sauti hata mara moja, wala hakutega mtego wa kisheria. Mwanafunzi wa sheria akiutazama mkanda ule anaweza kudhani hakuna kazi iliyofanyika. Kazi ilikuwa katika kuacha. Kila Gates alipokwepa, wakili aliuacha ukwepaji ukae kwenye rekodi, kisha akauliza tena lilelile. Novemba vipande vya mkanda vilianza kuonyeshwa mahakamani Washington, na Jaji Thomas Penfield Jackson alionekana akitikisa kichwa na kucheka. Microsoft haikumwita Gates kuja kujisafisha.

Lakini kwa mtu anayetaka kuona fundi akiwa kazini, siku yenyewe ni ya Februari 1999. Serikali ilikuwa imemleta Edward Felten, mtaalamu wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Princeton, aliyeandika programu ndogo ya kuonyesha kwamba kivinjari kinaweza kuondolewa ndani ya Windows 98 na Windows ikaendelea kufanya kazi. Microsoft ilijibu kwa video: tazameni, programu ya Felten ikishapita, kompyuta inakuwa nzito. Shahidi wa kuitetea video hiyo alikuwa James Allchin, mmoja wa wakuu wa Windows.

Boies aliicheza video, akaisimamisha. Akamwomba shahidi asome maneno yaliyo kwenye ukanda wa juu wa dirisha, ile mistari midogo ambayo mtumiaji wa kawaida haitazami. Yalikuwa maneno yanayotokea kwenye kompyuta ambayo kivinjari bado kimo, kwa maana nyingine programu ya Felten haikuwa imepita. Allchin akalazimika kukubali kwamba kipande kile si sahihi. Kadiri maswali ya dodoso yalivyoendelea, ikaonekana kuwa mkanda ulipigwa kwenye kompyuta zaidi ya moja, na alama kwenye uso wa skrini zilikuwa zinatokea na kupotea kati ya picha na picha. Wakili aliyefanya hayo alikuwa amevaa suti ya dukani ya rangi ya bluu iliyokolea, viatu vya raba vyeusi, na saa ya bei rahisi aliyoifunga juu ya mkono wa shati.

Jaji Jackson alitoa uamuzi wake kuhusu ukweli wa mambo Novemba 1999 na Juni 2000 akaamuru Microsoft igawanywe vipande viwili. Mahakama ya Rufaa, tarehe 28 Juni 2001, ikaifuta amri ya kugawanya, ikamkemea jaji kwa kuzungumza na waandishi wa habari, lakini majaji wote saba wakakubali jambo la msingi: Microsoft ililinda ukiritimba wake kinyume cha sheria. Serikali mpya ikaingia makubaliano nayo mwaka huohuo. Kwa hiyo ukiuliza nani alishinda, jibu linategemea unamuuliza nani.

Baada ya hapo jina likawa kubwa kuliko kesi. Alimwakilisha mgombea urais Al Gore katika mzozo wa kura za Florida, akashindwa Mahakama ya Juu ya Marekani tarehe 12 Desemba 2000. Alishirikiana na Ted Olson, wakili aliyemshinda siku hiyo, katika kesi ya ndoa ya jinsia moja California. Kwa American Express alizikamua Visa na MasterCard makubaliano ya zaidi ya dola bilioni 4 kwa pamoja. Ni mambo ya kujaza kitabu, nami nayapita ili nifike San Francisco.

Mwaka 2010 kampuni ya programu ya Oracle iliishtaki Google ikidai kwamba mfumo wa Android umekiuka hataza na hakimiliki zake za lugha ya programu ya Java. Ilianza na hataza saba. Ilipofika mbele ya jopo huko San Francisco Aprili 2012, zilikuwa zimebaki mbili, nyingine zikiwa zimepukutika njiani, kama inavyotokea mara nyingi katika kesi za hataza, maana kila hataza inayoshtakia nayo hushtakiwa: mdaiwa huiomba Ofisi ya Hataza iipitie upya na kuifuta. Boies alikuwa miongoni mwa mawakili wakuu wa Oracle.

Kimoja cha vipande vilivyobishaniwa kilikuwa kidogo kiasi cha kuchekesha, mistari tisa ya msimbo iitwayo rangeCheck, inayohakikisha tu kwamba tarakimu fulani haijatoka nje ya mipaka yake. Google iliinakili, hilo jopo lilikubali. Boies alitaka kudai kwa mistari hiyo sehemu ya faida ya Android, akieleza kwamba kunakili kuliiokolea Google muda na kuiwahisha sokoni. Hapo Jaji William Alsup, ambaye alisomea hisabati na huandika programu kama burudani, alimkatiza. Akamwambia kwamba kabla ya kesi hii hakuijua Java, lakini vipande kama hicho amekwisha kuviandika mara mia au zaidi, na ni kazi ya muda mfupi mno. Boies akajibu kwamba yeye si mtaalamu wa Java, na pengine asingeweza kukiandika hata kwa miezi sita.

Jibu lile lilikuwa la uungwana na ucheshi, lakini pumzi ilikuwa imeshatoka kwenye hoja. Mtu yuleyule aliyemnasa Allchin kwa maneno ya ukanda wa dirisha alikuwa sasa amesimama mbele ya mtu aliyekijua kile kipande kwa vidole vyake. Mei 23 jopo likasema Google haikukiuka hataza hata moja. Sehemu ya hakimiliki ilizunguka miaka tisa zaidi hadi Mahakama ya Juu ilipoipa Google ushindi, majaji sita kwa wawili, Aprili 2021.

Kushindwa si aibu kwa wakili. Kilichomletea Boies aibu ni kesi ya hataza ambayo upande wake ulishinda.

Theranos ilikuwa kampuni ya Elizabeth Holmes iliyodai kupima magonjwa mengi kwa matone ya damu yatokayo kwenye kidole. Mwaka 2011 ilimshtaki daktari mmoja mvumbuzi, rafiki wa zamani wa familia ya Holmes, ikidai kwamba hataza aliyoipata ilitokana na siri zilizoibwa Theranos. Boies aliichukua kesi. Ilisikilizwa San Jose Machi 2014, daktari huyo akijitetea mwenyewe bila wakili mbele ya mmoja wa mawakili ghali kuliko wote Marekani. Kesi ikiwa katikati, alisalimu amri na kuiachia hataza. Ofisi ya Boies ililipwa kwa hisa za Theranos, na baadaye yeye mwenyewe akaingia kwenye bodi ya kampuni.

Katika kesi ile swali lilikuwa nani aliyewaza kwanza. Hakuna aliyetakiwa kuthibitisha kwamba mashine inafanya kazi, na sheria ya hataza haidai hivyo kwa kawaida. Ofisi ya Hataza ya Marekani iliacha kudai sampuli ya kifaa tangu karne ya 19, na mkaguzi hupima maneno na michoro. Theranos ilikuwa na hataza nyingi mno, ukutani zinapendeza. Mashine haikuweza kupima damu kama ilivyotangazwa.

Mwandishi John Carreyrou wa Wall Street Journal alipoanza kuchunguza, Boies na wenzake walikwenda gazetini kuzuia habari ile, na wafanyakazi wa zamani waliohofiwa kuongea wakapelekewa barua za vitisho vya kisheria. Habari ilitoka Oktoba 2015. Holmes alitiwa hatiani Januari 2022. Boies alisema kwamba alimwamini mteja wake, na kwamba kazi ya wakili ni kumtetea aliyemwajiri. Ni kweli kwa wakili. Mjumbe wa bodi ana kazi nyingine, na mwenye hisa ana sababu nyingine ya kuamini. Huyu alikuwa vyote vitatu. Simwelewi mtu ambaye maisha yake yote alishinda kwa kufunua sanduku la wenzake, halafu akakubali kukaa juu ya la kwake likiwa limefungwa.

Mwaka 2017 jina lake likachafuka tena, ilipofichuka kwamba alisaini mkataba wa shirika la wapelelezi kwa niaba ya mtayarishaji wa filamu Harvey Weinstein, wapelelezi ambao miongoni mwa kazi zao ilikuwa kuzuia habari ya New York Times kuhusu unyanyasaji wa kingono aliotuhumiwa, huku ofisi yake ikiwa inalitetea gazeti hilohilo katika kesi nyingine. Gazeti likaifukuza ofisi. Boies alikiri kwamba lilikuwa kosa. Washirika wengi waliondoka katika miaka iliyofuata.

Na bado kesi zinakuja. Agosti 2024 Jaji Amit Mehta wa Washington aliamua kwamba Google inahodhi soko la utafutaji wa intaneti kinyume cha sheria, na katika hukumu yake ile rufaa ya Microsoft ya mwaka 2001 inarejewa tena na tena. Boies hakuwamo. Septemba 2025, akiwa na umri wa miaka 84, alikuwa San Francisco akiwawakilisha watumiaji wa simu waliodai kwamba Google iliendelea kukusanya taarifa zao baada ya wao kuzima ukusanyaji huo. Jopo liliwapa dola milioni 425. Walikuwa wameomba zaidi ya dola bilioni 30. Google ikatangaza kukata rufaa.